Kampani ni Mtu Mbele ya Sheria

Wengi hudhani kwamba kampani na mwenye kampani ni kitu kimoja. Sivyo.

Katika mji wa London alikuwako fundi wa viatu, Bwana Aron Salomon. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampani. Sheria ya Uingereza ya 1862 ilitaka watu saba. Basi wakawa yeye, mwenye hisa 20,001, na mkewe na watoto wao watano, kila mmoja hisa moja tu! Tena kampani ikamwandikia hati ya deni la pauni 10,000, na mali yote ya kampani ikawa rehani.

Mwaka 1893 kampani ikafilisika. Msimamizi wa kufilisi akadai kwamba kampani ni Salomon mwenyewe, naye awalipe wadai. Mahakama mbili zikamkubalia. Lakini Novemba 1896 Baraza la Malodi likahukumu kwamba kampani iliyoandikishwa kwa halali ni mtu mbali, na deni lake si deni la wenye hisa. Yaliyobaki katika mali yakawa ya Salomon kwa nguvu ya ile rehani. Waliokopesha bila rehani hawakupata kitu. Twaiona hukumu kali kwao.

Mwaka 1900 sheria ikaongezwa: rehani za namna hii ziandikishwe kwa msajili, ili mwenye kukopesha azisome kwanza.