Mwenye paa ni nani? Maeneo ya pamoja katika nyumba za ghorofa (2)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mtu anavyopata hati ya fleti moja ndani ya jengo lenye wamiliki wengi. Leo tunaingia katika jambo linalozua ugomvi baada ya funguo kukabidhiwa: ngazi, paa, korido, tenki la maji na shimo la maji taka hutunzwa na nani, na kwa fedha za nani?

Kwa wakazi wa Mbeya na Iringa swali hili bado ni geni kwa wengi. Aliyetaka nyumba alitafuta kiwanja, akajenga nyumba ya chini, akazungusha uzio wake. Waliokaa ghorofani wengi wao walikuwa wapangaji. Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, iliyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Bomba likipasuka, mpangaji alijua aende ofisi gani. Tukazoea kumsubiri mwenye nyumba. Lakini viwanja vya katikati ya miji haviongezeki, na ghorofa za makazi zitazidi kuja. Anayenunua fleti hana mwenye nyumba wa kumsubiri, kwa kuwa mwenye nyumba ni yeye na jirani zake.

Utaratibu huu wa wengi kumiliki jengo moja una mizizi katika sheria ya mwaka 1961 ya jimbo la New South Wales, Australia, iliyoigwa na nchi nyingi. Kenya ilitunga yake mwaka 1987, ikaiandika upya mwaka 2020. Tanzania Bara ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, na Zanzibar ilipitisha yake mwaka 2010. Msingi wake ni huu: kilicho ndani ya mlango wako ni chako peke yako, na kilichobaki ni cha wote kwa hisa. Msingi wa jengo, kuta kuu, paa, ngazi, maegesho, hata bomba linalopita ukutani kwako kwenda kwa jirani, vyote vina hisa yako. Hisa hiyo haitengani na fleti. Ukiuza fleti, umeiuza pamoja nayo.

Mali ya wote huhitaji chombo cha wote. Ndiyo maana sheria inawataka wamiliki wawe na umoja wao wenye nafsi ya kisheria, unaoweza kufungua akaunti, kuingia mkataba na fundi au kampuni ya ulinzi, kushtaki na kushtakiwa. Uanachama hauombwi. Ukinunua fleti umekwisha kuwa mwanachama, na ukiuza unamwachia mnunuzi.

Nyanda za Juu Kusini tunaujua utaratibu huu kwa sura nyingine. Katika skimu za umwagiliaji za Mbarali na Pawaga, kila mkulima ana jaruba lake, lakini mfereji mkuu ni wa wote. Aliye karibu na banio hupata maji kwanza, na aliye mwisho wa mfereji ndiye huumia unapojaa tope. Wote wasipochangia usafishaji, skimu nzima hudhoofika. Ghorofani paa na shimo la maji taka ndiyo mfereji mkuu. Wa ghorofa ya chini atasema paa halimhusu kwa sababu halimvujii. Wa juu naye atasema shimo likifurika, harufu haimfikii. Wote wawili wamekosea, kwa sababu kila mmoja ana hisa katika vyote viwili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Jengo lina fleti 12: nane ndogo za mita za mraba 60, na nne kubwa za mita 90. Jumla ni mita za mraba 840. Fundi amekadiria kuwa kubadili paa kutagharimu shilingi 16,800,000. Mkigawana kwa ukubwa wa eneo, kila mita inabeba shilingi 20,000: fleti ndogo italipa 1,200,000 na kubwa 1,800,000. Ni watu wangapi wana fedha hizo mkononi mwezi Januari, ada za shule zikiwa zinadaiwa na mvua imeshika? Lakini mkianza kuweka miaka 10 kabla, fleti ndogo inatoa shilingi 10,000 kwa mwezi na kubwa 15,000. Bei za vifaa hupanda, kwa hiyo kiwango hicho kipitiwe kila mwaka.

Hapo ndipo umoja mwingi hujikwaa. Fedha zinazokusanywa huishia kwa mlinzi, mfagizi na umeme wa korido. Hata umeme huo una somo lake: mita ya LUKU ya pampu ya maji isipokuwa na mtu wa kuinunulia umeme, pampu husimama na fleti zote hukauka, waliolipa na wasiolipa. Basi ziwepo akaunti mbili, moja ya matumizi ya kila mwezi, nyingine ya akiba isiyoguswa ila kwa uamuzi wa mkutano mkuu.

Tusidhani kuwa hili ni suala la rangi na usafi tu. Tarehe 24 Juni 2021, ghorofa la Champlain Towers South, katika mji wa Surfside jimboni Florida, Marekani, liliporomoka usiku na kuua watu 98. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameuandikia umoja wa wamiliki kuhusu uharibifu mkubwa wa zege. Wamiliki walivutana juu ya gharama, na mchango wa takriban dola milioni 15 ulikuwa umepitishwa miezi michache tu kabla ya msiba. Mwaka 2022 Florida ikatunga sheria inayolazimisha ukaguzi wa majengo ya aina hiyo na akiba ya matengenezo makubwa.

Akiba haiwezekani pasipo kuaminiana, na watu huaminiana wanapoona hesabu. Mweka hazina abandike mapato na matumizi ubaoni, karibu na ngazi, kila mwezi. Fedha zitolewe benki kwa saini zaidi ya moja. Mkutano mkuu ufanyike kila mwaka, kumbukumbu zisomwe, viongozi wapigiwe kura. Mmiliki anayeishi Dar es Salaam na kupangisha fleti yake Mbeya hawezi kumsukumia mpangaji wajibu wake. Deni la akiba ni lake. Lakini mpangaji naye afuate kanuni za jengo. Baridi ya Juni na Julai inapobana, jiko la mkaa lisiwashwe koridoni wala kufungiwa chumbani, maana moto na sumu ya moshi havichagui mlango.

Asiyelipa atumiwe barua, aitwe kikaoni, apangiwe awamu. Akikaidi, ashtakiwe mbele ya chombo chenye mamlaka, likiwemo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kamati isimkatie maji kwa hasira; chombo kilichoundwa kwa sheria kidai kwa sheria.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kununua fleti Soweto ya Mbeya au Gangilonga ya Iringa, kabla ya kuuliza vigae vya sebuleni ni vya aina gani, omba kuona kanuni za umoja, hesabu za mwaka uliopita na salio la akiba. Muuzaji asipokuwa navyo, jua kwamba gharama ya paa lile bado haijaingia katika bei uliyotajiwa, na itakuja kwako.

Wiki ijayo: mjenzi anapochelewa kuwakabidhi wamiliki uendeshaji wa jengo.