Kumvua wolai Ziwa Erie: mwendo, kina na rula

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee samaki.

Mimi ni mtoto wa Mwanza, sangara na sato nimekula tangu sina meno. Kwa hiyo niliposikia Ziwa Erie kuna samaki mtamu anaitwa walleye, mimi namwita wolai, nikajua nitawafundisha Wazungu kazi. Nikakata leseni, nikanunua vyambo vya bandia vya bei mbaya, nikachangia mafuta ya boti ya jamaa ninayefanya naye kazi. Masaa manane ziwani, tukarudi mikono mitupu! Mshahara wa wiki umekwenda na maji. Pale bandarini tukamkuta mzee mmoja, fimbo zake zimechakaa kweli kweli, ndoo imejaa. Nikameza aibu, nikamwuliza. Haya ndiyo aliyonifundisha.

Kwanza umjue samaki mwenyewe. Jicho la wolai lina utando nyuma unaorudisha mwanga, kama jicho la paka usiku. Ndiyo maana anawinda vizuri alfajiri, magharibi na kwenye maji yenye ukungu. Sisi tulitoka saa nne, jua kali, maji yametulia tuli.

Pili, ziwa ni kubwa na samaki wanahamahama. Ukikaa sehemu moja unaweza kuzeeka hapo. Dawa yake ni kuburuta: boti inakwenda polepole, mishipi iko nyuma, mpaka uwapate walipo.

MWENDO. Hapa ndipo tulipochemsha. Tulikuwa tunakimbia kama daladala. Ukitumia nyambo kwenye ndoana, na kibati kinachozunguka mbele yake, mwendo ni kama kilomita 1.6 hadi 2.4 kwa saa. Yaani mtu anayetembea kwa miguu anakuacha. Kiangazi maji yakipata joto, unaweza kuburuta vijiko vya chuma kwa kilomita 3 hadi 4. Usiamini mlio wa injini, angalia GPS, manake upepo unasukuma boti bila wewe kujua.

Ukiwa huna uhakika na mwendo, endesha boti kwa kupinda kama nyoka. Ukikata kona, chambo cha upande wa nje kinaongeza kasi, cha ndani kinapunguza. Akigonga wa nje, ongeza mwendo. Akigonga wa ndani, punguza. Samaki mwenyewe anakujibu!

KINA. Wolai anatazama juu kuliko chini, kwa hiyo chambo kipite juu yake kidogo. Kikipita chini ya tumbo lake, umepoteza muda. Kama samaki wako karibu na sakafu ya ziwa, tumia chubwi: kadirio ni wakia moja, karibu gramu 28, kwa kila futi 10 za maji. Rili ya yule mzee ina kihesabio cha futi za mshipi uliotoka. Samaki akigonga kwenye futi 80, unarudisha futi 80 hizo hizo. Bila hivyo unabahatisha tu.

VIBAO VYA PEMBENI. Samaki walio juu juu wanaikwepa boti. Kwa hiyo mshipi unabanwa kwenye kibao kinachoelea, na boti ikienda, kibao kinajisogeza pembeni, mbali na kelele. Pia mishipi haisokotani. Kibao kikianza kurudi nyuma, ujue kuna mgeni. Usisimamishe boti ghafla, vyambo vingine vitazama. Zungusha rili taratibu, mshipi usilegee hata sekunde, mpaka aingie kwenye wavu wa mkono.

Na jaketi la kujiokolea livae, usilikalie! Upande wa magharibi wa Erie una kina cha wastani cha kama mita 7 na nusu tu, na ziwa la kina kifupi likipigwa na upepo linachafuka haraka sana.

Safari ya pili nilipata watano. Wa sita nikampima kwa rula: inchi 14. Sheria ya Ohio ni inchi 15 kwenda juu, yaani sentimita 38, na mwisho sita kwa siku. Hakuna askari aliyekuwa anatuona. Roho iliniuma jamani, lakini nikamrudisha majini.

Kwa nini? Mwaka 1970 uvuvi wa wolai upande huu wa magharibi ulifungwa kwa sababu ya zebaki iliyotoka viwandani. Viwanda vikabanwa, uvuvi ukawekewa mipaka, samaki wakarudi. Leo watu wanakuja kutoka mbali kuvua hapa, na wenye boti, hoteli na maduka ya vyambo wanakula kutokana na samaki huyo.

Sasa wewe uliye hapo kafe Mwanza, Musoma au Bukoba, kwetu sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Unamwona sokoni au humwoni? Na ukimwona, unanunua? Tupia maoni yako hapo chini, tuambizane ukweli.