Hukumu ya Kumpiga Picha Mtoto Mchanga

Katika miji ya Kahama, Shinyanga na Geita, baba aliye machimboni, mbali na nyumbani, hutamani kuiona sura ya mwanawe aliyezaliwa. Je, yafaa kumwita mpiga picha?

Maulamaa wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliijuzisha picha ya kamera kwa hoja kwamba ni kuzuia kivuli cha alichokiumba Allah, si kuuigiza uumbaji Wake. Sheikh Ibn Baz wa Saudia, aliyefariki 1999, aliiingiza katika makatazo ya hadithi za taswira, ila kwa dharura kama kitambulisho.

Anayeifuata kauli ya kujuzu azingatie haya: mzazi asifunue sitara yake mbele ya mpiga picha asiye maharimu wake, wala asikae naye faragha, na picha isitundikwe kwa kutukuzwa. Tena malipo ya picha yasile fedha ya akika. Kwa madhehebu ya Shafi, kuchinja siku ya saba ni Sunna iliyokokotezwa. Picha, kwa wanaoijuzisha, ni mubaha tu. Basi aanze na haki ya mtoto.

Wallahu aalam.