Masaji ya nguvu: Mambo 5 ya kujua kabla hujakandwa

Mgongo unauma, shingo imekaza, na rafiki anakwambia, "Nenda ukakandwe, utakuwa freshi." Sawa, lakini masaji ya nguvu haimfai kila mtu. Haya hapa ya kujua kabla hujapanda kitandani.

1. Si masaji ya kawaida
Masaji ya kawaida ni ya kupumzisha mwili. Hii inafuata misuli ya ndani pamoja na utando unaoizunguka. Mkandaji hutumia vidole, ngumi na hata kiwiko, akibonyeza taratibu pale palipokaza.

2. Mguu mmoja umevimba? Usikandwe
Hili ndilo kubwa. Mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikauma na ngozi ikawa ya moto, huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Hatari huongezeka baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu ya kukaa tu. Ukikandwa, bonge hilo linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu, na hilo linaua. Nenda hospitali kwanza. Kifua kikiuma au ukishindwa kupumua vizuri, hiyo ni dharura, usisubiri kesho.

3. Sema ukweli kuhusu afya yako
Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mfano warfarini? Una mimba, mifupa dhaifu, kidonda au homa? Umefanyiwa upasuaji karibuni? Muulize daktari kwanza, kisha mwambie na mkandaji. Akitaka kuanza bila kukuuliza chochote, muulize wewe: amesomea wapi kazi hiyo?

4. Maumivu si kipimo
Wengi huuma meno wakiamini ikiuma ndiyo inafanya kazi. Si kweli. Kusikia kubanwa ni kawaida, lakini maumivu makali, ganzi au hisia kama ya kupigwa shoti ni ishara ya kusema "punguza" au "acha". Usione aibu, mwili ni wako.

5. Kesho yake utasikia
Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida, kwa hiyo usipange kubeba mizigo au mazoezi mazito siku hiyo. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ganzi isipoisha, muone daktari.

Masaji inalegeza misuli iliyochoka. Mguu uliovimba ni kazi ya daktari.