Picha ya mwigizaji anayetafuta kazi nje iwe sura yake halisi

WAIGIZAJI wa Afrika Mashariki wanaotaka kujaribu bahati yao Marekani au Uingereza huhangaikia pasi ya kusafiria, viza na nauli, huku wakisahau kwamba kitu cha kwanza kutazamwa na wateuzi wa waigizaji ni picha ya uso. Picha isiyofanana na mwenyewe humkosesha mhusika nafasi kabla hajafungua mdomo.

Kwa desturi ya Marekani, picha hiyo huwa na upana wa inchi 8 na urefu wa inchi 10, ya rangi, ikionyesha kichwa na mabega, macho yakielekea kwenye kamera. Wasifu wa ukurasa mmoja hubanwa nyuma yake. Siku hizi nyingi hutumwa kwa intaneti, ingawa umbo lake ni lile lile. Nchini Uingereza, ambako orodha ya waigizaji iitwayo Spotlight ilianza mwaka 1927, picha nyeusi na nyeupe zilitawala kwa miaka mingi kabla ya zile za rangi kuchukua nafasi.

Tatizo kubwa liko studio. Wapiga picha wetu wengi wamezoea harusi na mahafali, na mteja hukabidhiwa uso uliong'arishwa kwa kompyuta hadi makovu na mikunjo ikatoweka. Kwa mwigizaji hiyo ni hasara, kwani huenda kovu hilo ndilo linalotafutwa. Aidha, ukuta mweupe nyuma ya mtu mwenye ngozi nyeusi huihadaa kamera inayojipimia mwanga. Kamera hupunguza mwanga, na uso hugeuka kivuli. Afadhali ukuta wa kijivu, na mwanga upimwe usoni. Mwanga mwororo wa dirishani, ambao hauna bei, unatosha kabisa.

Nguo iwe ya rangi moja, isiyo na maandishi. Aliyenyoa au kubadili mtindo wa nywele hana budi kupiga picha nyingine.

Wapo pia wanaojiita mawakala, ambao hudai kwanza fedha za picha. Katika jimbo la California, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2010 inamkataza wakala kumtoza mwigizaji ada ya awali, au kumshurutisha alipie picha ndipo ahudumiwe. Wakala halali hukata asilimia ya ujira, kwa kawaida 10, baada ya kazi kupatikana.