Kura Thelathini za Nebraska: Muswada wa Kufuta Adhabu ya Kifo Mwaka 2015



Tangu ilipotangazwa, mwezi Agosti 2018, kwamba Papa Fransisko ameagiza namba 2267 ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki iandikwe upya, swali moja hurudi kila tunapofundisha habari za adhabu ya kifo: ikiwa Kanisa linasema adhabu hiyo haikubaliki, mbona Wakatoliki wenyewe, wanapopewa nafasi ya kuamua, huamua vingine? Tumeona heri tusilijibu kwa nadharia tupu. Tutaeleza habari za muswada mmoja, wa mbunge mmoja, katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, na yaliyoupata mwaka 2015.

Nebraska ni jimbo la wakulima na wafugaji katikati ya Marekani, na Bunge lake halifanani na la jimbo jingine lolote la nchi hiyo. Tangu 1937 lina chumba kimoja tu. Wajumbe wake ni 49, huitwa maseneta, na huchaguliwa bila jina la chama kuandikwa kwenye karatasi ya kura. Kila muswada lazima usikilizwe hadharani, na mwananchi yeyote aweza kufika mbele ya kamati akasema la moyoni. Kisha hupigiwa kura mara tatu. Gavana akikataa kuutia saini, kura 30 za maseneta zatosha kulitangua katazo lake. Tuishike akilini namba hiyo, maana ndiyo itakayobeba habari yote.

Mwenye muswada alikuwa Seneta Ernie Chambers wa Omaha, mzaliwa wa 1937, Mmarekani Mweusi aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1970. Si mtu wa Kanisa. Miaka ya 1980 aliishitaki serikali ya jimbo lake kwa sababu Bunge lilimlipa mchungaji mshahara ili afungue vikao kwa sala. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, naye akashindwa mwaka 1983. Mwaka 2007 alifungua kesi dhidi ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, akitaka kuonyesha kwamba mlango wa mahakama uko wazi kwa kila mtu. Hakimu aliifuta mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba mshitakiwa hana anwani ya kupelekewa hati ya wito. (Wanafunzi wa seminari huifurahia sana habari hii.) Na ndiye huyu ambaye, tangu miaka ya 1970, alileta bungeni tena na tena muswada wa kufuta adhabu ya kifo. Mwaka 1979 ulipita, Gavana akaukataa. Mwaka 2013 wapinzani waliurefusha mjadala hata muswada ukafa bila kupigiwa kura ya mwisho.

Januari 2015 aliuleta tena, safari hii kwa namba 268. Muswada ulitaka adhabu ya juu kabisa iwe kifungo cha maisha. Wakati huo gereza la Nebraska lilikuwa na watu kama kumi hivi waliohukumiwa kufa, lakini jimbo lilikuwa halijamwua mtu yeyote tangu 1997. Kiti cha umeme kilikuwa kimekataliwa na Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 2008; sindano ya sumu iliwekwa mahali pake mwaka 2009, na dawa zake zikawa hazipatikani.

Maaskofu watatu wa jimbo hilo, Askofu Mkuu George Lucas wa Omaha, Askofu James Conley wa Lincoln na Askofu Joseph Hanefeldt wa Grand Island, waliuunga mkono waziwazi. Hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Maaskofu hawakumwuliza Chambers anasali wapi. Katika mambo mengine mengi, hasa ulinzi wa mtoto aliye tumboni mwa mama yake, wao na yeye hawakuwa upande mmoja, wala hawakuficha. Lakini jambo jema halibadiliki kuwa baya kwa sababu limeletwa na asiyesali nasi.

Wala Chambers peke yake asingeweza. Maseneta wengi wa Nebraska ni wahafidhina, na baadhi yao walianza kufikiri upya. Mmoja wao, Seneta Colby Coash, alisimulia kwamba mwaka 1994, akiwa mwanafunzi wa chuo, alikwenda nje ya gereza usiku wa kunyongwa kwa mtu mmoja, kwa maana ya kuuawa kwa kiti cha umeme. Upande mmoja watu walisali kimya. Upande mwingine, aliposimama yeye, palikuwa na pombe, muziki na kelele, watu wakihesabu dakika kama wanaosubiri mwaka mpya. Baadaye aliona aibu, na aibu hiyo ikamfanya, akiwa mbunge mtetezi wa uhai, ajiulize uhai anaoutetea unaishia wapi. Wengine walisema kwa lugha ya fedha: serikali inatumia mamilioni katika kesi za miaka thelathini bila kumaliza lolote. Yupo pia dada wa mtu aliyeuawa kwa mateso mwaka 1985, aliyeeleza kwamba kwa miongo mitatu magazeti yalimtaja muuaji kila rufaa iliposikilizwa, na jina la ndugu yake likasahaulika. Ushuhuda wake tunautaja kwa makusudi, maana mara nyingi husemwa kwamba anayepinga adhabu ya kifo hawajali waliofiwa.

Tarehe 16 Aprili muswada ulipita hatua ya kwanza kwa kura 30 dhidi ya 13. Tarehe 15 Mei ulipita hatua ya pili, 30 kwa 16. Tarehe 20 Mei, kura ya mwisho, 32 kwa 15. Gavana Pete Ricketts aliukataa tarehe 26 Mei. Kesho yake maseneta walikutana tena. Wawili waliokuwa wameukubali wiki iliyotangulia waligeuka. Zilipohesabiwa kura, zilikuwa 30 kwa 19. Ingepungua moja tu, kazi ya miaka arobaini ingeanguka. Nebraska ikawa jimbo la kwanza lenye msimamo wa kihafidhina kufuta adhabu ya kifo baada ya zaidi ya miaka arobaini.

Ricketts ni Mkatoliki. Tunalisema hili kwa heshima, kwa kuwa ndilo kiini cha swali letu. Yeye aliamini adhabu hiyo inawalinda raia na askari magereza, na kwamba ndivyo watu wake walivyotaka. Baada ya kushindwa bungeni alichanga fedha zake mwenyewe kusaidia kukusanya saini za wananchi, ili sheria mpya ipelekwe kwenye kura ya maoni. Sheria ilikuwa ianze kutumika tarehe 30 Agosti. Tarehe 26 Agosti saini zilikabidhiwa, nyingi kuliko zilizohitajika, na hivyo sheria ikasimamishwa kabla ya kuanza. Muswada ulioshinda mara nne bungeni haukutumika hata siku moja. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Septemba, Papa Fransisko alisimama mbele ya Bunge la Marekani jijini Washington akaomba adhabu ya kifo ifutwe duniani kote. Kura ya maoni ilipigwa tarehe 8 Novemba 2016. Takriban watu 61 katika kila 100 waliirudisha adhabu ya kifo.

Katika Nebraska, kama mtu mmoja kati ya watano ni Mkatoliki. Maaskofu walikuwa wamefundisha, barua zilikuwa zimeandikwa. Hatuna haki ya kuingia moyoni mwa mpiga kura yeyote, lakini hesabu inaonyesha wazi kwamba fundisho halikuwa limeshuka kutoka mezani pa maaskofu hadi vigangoni.

Sababu mojawapo tunaweza kuitaja bila kigugumizi: wengi walikuwa wamefundishwa vingine. Kwa karne nyingi Kanisa lilikubali kwamba mamlaka halali yaweza kumwua mhalifu. Katekisimu ya Mtaguso wa Trento ilifundisha hivyo. Hata Mji wa Vatikano ulikuwa na adhabu ya kifo katika sheria zake mpaka Mtakatifu Paulo VI alipoiondoa mwaka 1969. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Injili ya Uhai wa mwaka 1995, alifundisha kwamba hata mwuaji hapotezi hadhi yake ya kibinadamu, na kwamba nafasi ya kuihitaji adhabu hiyo ni nadra sana, kama ipo kabisa. Fransisko alipiga hatua iliyobaki: haikubaliki, na Kanisa lifanye kazi ifutwe ulimwenguni. Sababu alizozitoa ni kwamba hadhi ya mtu haiondoki hata baada ya dhambi kubwa sana, na kwamba leo magereza yanaweza kuwalinda raia bila kumfungia mhalifu mlango wa toba. Anayeshika kitabu cha Mwanzo sura ya 9 kuhusu damu ya mwuaji hana budi kusoma pia sura ya 4, ambako Mungu anamwekea Kaini alama ili asiuawe. Kaini naye alikuwa amemwua ndugu yake.

Nakala mpya ya Katekisimu ilitangazwa tarehe 2 Agosti 2018. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, Nebraska ilimwua kwa sindano Carey Dean Moore, aliyewaua madereva wawili wa teksi jijini Omaha mwaka 1979. Alikuwa amekaa gerezani karibu miaka 39 na alikuwa ameacha kukata rufaa. Maaskofu wale wale watatu waliomba asiuawe. Gavana alijibu kwamba anauheshimu mtazamo wa Papa, lakini sheria ni ile waliyoichagua wananchi. Chambers alileta tena muswada wake mwaka 2019, ukaanguka. Januari 2021 aliondoka bungeni akiwa na miaka 83, kwa kuwa Katiba ya jimbo haikumruhusu kugombea kipindi kingine.

Basi turudi kwa aliyeuliza. Mkatoliki anaweza kutofautiana na askofu wake juu ya kodi au barabara, na Nebraska mwaka huo huo walibishana vikali juu ya kodi ya mafuta bila dhambi ya mtu. Uhai wa binadamu hauko katika fungu hilo. Hata hivyo fundisho jipya halimeswi kwa siku moja na mtu aliyelishwa la zamani tangu utotoni, na kosa la kutolieleza liko kwetu sisi tunaosimama mimbarini kabla ya kuwa kwake.

Na jambo hili halikai Nebraska. Hapa Tanzania, mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, sheria yetu yamtaka jaji atamke hukumu moja tu, kunyongwa mpaka kufa. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imesema neno la jinsi hiyo kuhusu sheria ya Kenya mwaka 2017. Kwetu hakuna aliyenyongwa tangu 1994. Hukumu, hata hivyo, zimeendelea kutolewa, na waliohukumiwa huishi katika magereza yetu miaka mingi, wala hawajui iwapo kiongozi wa kesho atatia saini.