Kupoza Baraza na Ua Wakati wa Joto

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, miezi ya Desemba hadi Machi ni miezi ya joto. Huu ndio wakati wa kaskazi. Mjini Dar es Salaam, joto la mchana katika miezi hii hufikia nyuzi 32 za sentigredi, na siku nyingine huzidi hapo. Wakati wa alasiri vyumba vyenye paa la bati havikaliki, na watu hutoka kupumzika barazani au uani. Lakini mara nyingi huko nje nako ni taabu: sakafu ya saruji huunguza nyayo, na jua la magharibi huingia mpaka ukutani.

Je, unaweza kupapoza mahali hapo bila umeme na bila gharama kubwa? Unaweza, ukifahamu kwanza joto linatoka wapi. Yako mambo matatu ya kufanya, nayo hufuatana kwa mpango huu: kwanza zuia jua, pili upishe upepo, tatu tumia maji.

Kuzuia jua

Joto la jua hutufikia kwa miale. Miale hiyo hupita hewani bila kuipasha hewa joto sana. Lakini ikifika juu ya sakafu, ukuta au ngozi yako, vitu hivyo hupata joto. Kisha sakafu na ukuta hutoa joto hilo na kuwapa watu walioketi karibu. Ndiyo sababu baraza iliyopigwa na jua mchana kutwa huendelea kuwa na joto hata baada ya magharibi.

Jaribio la 1. Chukua vikopo viwili vinavyofanana. Tia ndani yake maji kiasi kilekile. Saa nne asubuhi weka kimoja juani na kingine kivulini, mahali penye hewa. Saa saba mchana pima joto la maji kwa kipimajoto. Kama huna kipimajoto, tia kidole katika kila kikopo. Utaona kwamba maji ya juani yamepata joto zaidi. Hewa inayovizunguka vikopo vyote viwili ni karibu sawa; tofauti imeletwa na miale.

Sasa chunguza kivuli cha baraza yenu. Katika miezi ya joto, jua la adhuhuri huwa karibu na utosi. Wakati huo paa hutosha kuleta kivuli. Lakini kuanzia saa tisa alasiri jua huinama upande wa magharibi, na miale yake hupita chini ya paa. Hapo paa peke yake halifai kitu. Upande huo unahitaji kizuizi kinachosimama, kama vile mti, mmea unaotambaa juu ya fito, au jamvi kuukuu lililotundikwa.

Paa nalo lichaguliwe vizuri. Bati tupu likipigwa na jua hupata joto jingi, kisha hulishusha kwa watu walio chini yake. Makuti hayapitishi joto upesi, kwa sababu kuna hewa nyingi kati ya majani yake. Kama paa ni la bati, lipake rangi nyeupe, kwa kuwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale. Waweza pia kutandaza mikeka chini ya bati, ukiacha nafasi ya hewa kupita katikati. Kumbuka kwamba makuti na mikeka hushika moto upesi. Usiwashe jiko karibu nayo.

Kivuli cha mti hupita vyote kwa uzuri. Majani hutoa mvuke wa maji, na kwa hiyo hayapati joto kama bati. Mkungu hutandaza matawi yake kama miavuli iliyopandana. Mwarobaini nao hustahimili ukame na huwa na majani karibu mwaka mzima.

Kuupisha upepo

Upepo huondoa hewa yenye joto iliyozunguka mwili, na husaidia jasho kukauka. Kaskazi hutoka upande wa kaskazini-mashariki. Jua la alasiri hutoka upande wa magharibi. Kwa hiyo waweza kuziba upande wa jua na kuuacha wazi upande wa upepo.

Watu wengi hukosea hapa. Huuzungushia ua ukuta mrefu wa matofali pande zote, kisha hushangaa kwa nini humo ndani hamna hewa. Kama lazima pawe na ukuta upande wa upepo, jengeni kwa matofali yenye matundu, au wekeni fito zilizoachana. Acheni pia nafasi upande wa pili ili hewa ipate pa kutokea.

Kutumia maji

Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka kwa vitu vilivyo karibu nayo. Joto hilo ni jingi sana. Joto linalohitajika kugeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni zaidi ya mara 5 ya lile linalohitajika kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 100. Maji yanayokauka polepole bila kuchemka nayo huchukua joto jingi vivyo hivyo. Hii ndiyo siri ya mtungi: maji machache hupenya katika udongo wake, hukauka kwa nje, na yaliyobaki ndani hupoa.

Jaribio la 2. Chukua chupa tatu zenye maji. Iache ya kwanza bila kuifunika. Ya pili na ya tatu zizungushie kitambaa cha pamba kilichoroweshwa. Weka ya kwanza na ya pili kivulini penye upepo. Ya tatu iweke ndani ya sanduku lililofungwa. Baada ya saa moja pima joto la maji ya kila chupa. Chupa ya pili itakuwa imepoa kuliko ya kwanza na ya tatu. Ndani ya sanduku hewa imejaa mvuke, na kitambaa hakiwezi kukauka vizuri.

Jaribio hili linatufundisha kutumia maji kwa akili. Jioni, nyunyiza maji kidogo juu ya sakafu iliyopata joto, hasa wakati upepo unapovuma. Usimwage ndoo nzima. Pwani hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo maji hukauka polepole kuliko Dodoma, ambako hewa ni kavu. Tena, maji yanayotuama ni mazalio ya mbu. Ndiyo maana tumeweka maji mwisho. Maji hukauka ukayahitaji tena kesho, lakini kivuli hubaki.

Kuwalinda walio dhaifu

Kazi hii si ya kujistarehesha tu. Wazee na watoto wachanga huumia upesi kwa joto. Kama bibi yako hupumzika barazani, tazama kila alasiri kama jua limemfikia, umhamishie kivulini na umpe maji ya kunywa.

Mtu akipatwa na kizunguzungu au kichefuchefu kwa sababu ya joto, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpanguse kwa maji na mpepee. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa au akizimia, usimnyweshe kitu. Mwite mtu mzima mara moja ili apelekwe hospitali, nanyi mwendelee kumpoza.

Maswali

1. Kwa nini baraza hubaki na joto baada ya jua kutua?
2. Kwa nini paa peke yake halitoshi kuleta kivuli wakati wa alasiri?
3. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta kwa nje haupozi maji vizuri. Eleza sababu.
4. Chora ramani ya ua wa nyumbani kwenu. Onyesha upande wa jua la alasiri na upande wa upepo. Kisha onyesha mahali ambapo ungepanda mti, nawe ueleze kwa nini umepachagua.